Vitambaa Kumi na Viwili

Karatasi ya kukiri kosa ilikuwa imeshaandikwa na kupigwa muhuri. Kilichokosekana ni alama ya dole gumba la Sijaona, na Sijaona alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.

Léoncie aliisoma tena karatasi ile, mistari minane tu. Alikuwa ofisa wa upelelezi, wale ambao Bujumbura nzima inawaita OPJ, na faili hili lilimwangukia asubuhi hiyo ya Ijumaa kwa sababu mwenzake Maxime alikuwa ameondoka kwenda kuzika huko Gitega. Maxime aliliacha na neno moja: limekwisha. Léoncie hakulipenda neno hilo kwenye faili lenye kurasa tano.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Sijaona, mama wa miaka hamsini na minane, mkazi wa Buyenzi, alikuwa amechambua kahawa kwa mikono miaka ishirini na sita katika kiwanda cha bwana Sylvère, mtaa wa viwanda wa Quartier Industriel. Miezi miwili iliyopita ililetwa mashine yenye kamera, na wanawake arobaini wa meza ya kuchambulia wakaambiwa wabaki nyumbani. Wiki hii mwonjaji wa mnunuzi alikuja, akaonja kahawa ya magunia kumi na mawili, akatema. Ndani ya magunia matatu yaliyomwagwa vilikutwa vitambaa vya kitenge, na Alhamisi ya wiki iliyotangulia mlinzi alikuwa amemkuta Sijaona ndani ya kiwanda. Maxime akajumlisha: mama aliingia, akatia kahawa mbovu kwenye magunia ili mashine iaibike, akaacha vitambaa vya uchawi. Saa tisa alasiri faili linakwenda parquet, kwa mwendesha mashtaka, na kutoka huko mama anakwenda gereza la Mpimba.

Palikuwa na jambo la pembeni ambalo halikuandikwa, ila Maxime alilisema mlangoni. Mkurugenzi, bwana Sylvère, ameahidi kwamba Sijaona akikiri, wenzake thelathini na tisa hawataguswa. Asipokiri, atawashtaki wote.

"Mama Sijaona, uliingia kiwandani ile Alhamisi?"

"Niliingia."

"Kutafuta nini?"

"Kiti yangu."

Akaeleza bila haraka. Tangu wafukuzwe, kila asubuhi wale wanawake huja na vigoda vyao, wakakaa mbele ya geti kuanzia saa moja hadi saa kumi, saa zilezile za kazi. Hawapigi kelele, hawana bango, wanakaa tu. Siku ya kufukuzwa yeye alikuwa hospitali na mjukuu, kwa hiyo kigoda chake kilibaki ndani, naye alikaa juu ya tofali wiki sita. Alhamisi ile alichoka na tofali. Aliingia, akakichukua, mlinzi akamkuta nacho mkononi. Léoncie alitazama orodha ya vielelezo, na kweli, kigoda kilikuwa cha kwanza.

"Na vitambaa?"

"Afande Maxime aliniuliza kama tunawekaka vitambaa mu gunia. Nikasema ndiyo. Akaandika ndiyo, akafunga buku. Hakuuliza ni juu ya nini, sababu ni gani."

"Mi nakuuliza. Ni juu ya nini?"

Sijaona alimpima kwa macho.

"Nikikwambia saa hii, utasema mama anajitetea. Enda ukaangalie na macho yako. Ukimaliza kuona, uniulize tena. Na hii karatasi sitie kidole. Ata banipeleke Mpimba leo, ata kesho. Mi sikubali kitu sikufanya."

"Na wenzako thelathini na tisa?"

"Uwaulize bo wenyewe kama banataka nikubali."

Léoncie alikunja karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Alikasirishwa, si na mama yule, bali na zile kurasa tano.

*

Gari la ofisi halikuwa na mafuta tangu Jumatatu, kwa hiyo alikwenda kwa miguu kama watu wote. Alifika kiwandani saa nne kasorobo. Mbele ya geti, upande wa kivuli, wanawake walikuwa wamekaa safu mbili, na kila mmoja alikuwa na kigoda chake. Aliwahesabu kwa mazoea ya kazi: thelathini na tisa. Katikati ya safu ya mbele palikuwa na tofali moja, na hakuna aliyelikalia.

Aliwauliza kama wanajua wanaweza kushtakiwa wote ikiwa Sijaona hatakiri. Wanajua, walisema, mkurugenzi aliwatangazia mwenyewe jana. Na wanasemaje? Mmoja alijibu kwa niaba ya wote kwamba akikiri kwa ajili yao, wao hawatamsalimia tena maishani. Wengine wakacheka, lakini si kicheko cha mzaha.

Ndani ya geti mlinzi alikuwa amekalia kigoda kifupi kisichomfaa, magoti yakiwa karibu na masikio. Léoncie alikiangalia kigoda, akaangalia orodha yake. Kielelezo cha kwanza kilikuwa kimekaliwa; akaandika saa aliyokiona.

Bwana Sylvère alimpokea kwa adabu zote, shati limepigwa pasi, Kifaransa cha shule nzuri kimechanganywa na Kiswahili cha mjini. Kwanza alimwonyesha mashine, maana aliipenda waziwazi. Ilikuwa ndefu kupita mtu, ya buluu. Kahawa mbichi ilimiminika kwa juu, ikapita mbele ya kamera, na kila punje nyeusi au iliyovunjika ikapigwa pumzi ya hewa na kuangukia kando. Kazi ya wanawake arobaini ya siku nzima inakwisha kabla ya saa sita, alisema, na mashine haiumwi, haizai, haiendi msibani.

"Wala haili," alisema Léoncie.

"Exactement, madame." Hakuona kwamba anachokozwa.

Magunia kumi na mawili yalikuwa kwenye kona ya ghala. Matatu yalikuwa yamemwagwa. Tisa yalikuwa bado yamefungwa, kwa sababu watu wa ghala, tangu waone vitambaa, hawakutaka kuyagusa hata kwa fimbo. Léoncie alichuchumaa. Midomo ya magunia tisa ilikuwa imeshonwa kwa mashine, uzi wa njano wa kiwanda, mshono mmoja mrefu usio na kiraka.

"Huu uzi, nani mwingine anao?"

Hakuna, alisema Sylvère. Mashine ya kushonea iko ofisini, kwenye kabati, na ufunguo anao yeye.

"Umekatwa wapi?"

Sylvère aliinama, akapitisha macho kwenye mishono yote tisa. Hakuona ulipokatwa.

Léoncie mwenyewe akakata uzi wa gunia moja, akawaita vijana wawili wa ghala, akawaambia walimwage juu ya turubai. Walitazamana. Ikabidi ashike pembe moja ya gunia yeye, ndipo nao wakashika. Kilo sitini za kahawa zikamwagika, safi machoni, kijani ya kijivu, punje sawasawa. Aligeuza gunia nje ndani. Kitambaa kilikuwa chini kabisa, kwenye pembe, kimeshonwa kwa mkono na sindano kubwa, na vumbi la maganda ya kahawa lilikuwa limeshajaa katikati ya nyuzi. Kitenge cha ndege wa njano.

Wakamwaga la pili. Kitambaa palepale chini, pembe ileile, ila hiki kilikuwa cha maua ya zambarau. La tatu lilikuwa na kitenge cha feni nyekundu. Saa tano ilipopiga, Léoncie alikuwa na magunia kumi na mawili matupu na vitambaa kumi na viwili visivyofanana hata viwili.

Aliita Sylvère karibu.

"Bwana directeur, mutu anataka kuroga gunia imejaa, anapitia wapi?"

Sylvère alishika mdomo wa gunia moja tupu.

"Anapitia juu. Hivi viko chini ya kilo sitini, na uzi wako haukukatwa. Vilikuwa humu mbele ya kahawa kuingia. Na mama mumoja ana vitenge ngapi nyumbani?"

Mkurugenzi akabadili njia palepale. Basi walishirikiana, alisema. Ilikuwa njama ya wote arobaini, na yeye alilijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana alitaka kuwashtaki wote. Léoncie aliandika neno njama kwenye daftari, akaomba kuzungumza na mtu wa mashine.

Mtu wa mashine aliitwa Loïc, fundi wa miaka thelathini hivi, mpole, aliyejifunza kazi hiyo Kigali. Mashine inakumbuka kila kitu, alisema, na akawasha kioo chake cha kumbukumbu. Magunia yale kumi na mawili yalipita siku ya kwanza kabisa, siku moja kabla ya wanawake kufukuzwa. Yalishonwa siku hiyohiyo na hayakufunguliwa tena.

"Na ilidondosha ngapi?"

Loïc alisita, akamtazama mkurugenzi, kisha akaamua.

"Hakuna, madame. Ata punje moja. Mi nilishangaa. Kahawa yenye haidondoshe kitu haiko. Ata ile ya concours, ya mashindano, inadondosha kidogo."

Léoncie alisimama na kalamu hewani. Kahawa isiyodondosha hata punje ni kahawa iliyokwisha kuchambuliwa. Kuna mikono iliyopita humo kabla ya kamera, ikatoa nyeusi zote na zilizovunjika zote. Sasa mtu aliyejisumbua hivyo, kwa nini aiache kahawa hiyo ghalani?

"Ilitoka wapi, bwana directeur?"

Sylvère alijibu kwa majivuno, na hapo ndipo alipokosea, maana alidhani anajenga kesi yake. Aliyakuta magunia yale nyuma ya ghala, alisema. Wanawake walimwambia ni taka, wanangoja yachomwe. Taka gani hiyo! Yeye akaimwaga kwenye mashine, mashine ikasema ni daraja la kwanza, asilimia mia. Akawaita wenye hisa, akawaonyesha kioo. Hawa mama wamekuwa wakitupa kahawa nzuri miaka yote, au wanaificha waibe. Kesho yake akawafukuza.

"Ulimwaga mu mashine, kisha ukarudisha mu gunia zilezile?"

"Magunia yalikuwa mazima, madame. Ningeyatupa juu ya nini?"

Léoncie alitazama saa. Saa tano na dakika ishirini. Alipiga simu mbili: moja kituoni, Sijaona aletwe na askari wawili, na nyingine Buyenzi, kwa mzee mkaanga kahawa ambaye ofisi nzima ilikunywa kahawa yake. Mzee alisema yeye ana sala ya Ijumaa. Léoncie alimwambia atamaliza kabla ya adhana.

*

Mzee Massoudi alifika na jiko la makaa, kikaango cheusi na kofia yake ya sala ndani ya mfuko wa nailoni, akilalamika. Sijaona alifika kwa miguu kati ya askari wawili. Alipopita mbele ya geti wenzake walisimama wote, kisha wakakaa. Askari wale wawili walitazama chini.

Léoncie alieleza atakavyofanya, polepole, ili kila mtu asikie. Alichota bakuli moja la kahawa kutoka gunia zuri ambalo mwonjaji alilikubali, na bakuli moja kutoka magunia ya vitambaa. Akazichanganya mbele ya macho yao. Kwanza mashine.

Loïc aliimimina. Kamera zikatazama, hewa ikakaa kimya. Kahawa yote ikapita, na kioo kikaandika asilimia mia. Sylvère alivuta pumzi na kufunga kifungo cha shati.

Kisha mama. Walimletea kiti cha plastiki. Sijaona alikitazama kiti, akatazama geti.

"Kwa hiki sioni vizuri."

Léoncie alimwambia mlinzi asimame. Mlinzi akasimama, na kigoda kikaja mbele ya meza ndogo kando ya mashine. Sijaona alikipangusa kwa mkono mara tatu zaidi ya kilivyohitaji, akakaa, akatandika kitenge chake mapajani.

Mwanzoni ilionekana hafanyi kitu. Punje zilipita chini ya vidole vyake, na ukucha wa dole gumba, ulelule uliogoma kugusa wino, ulikuwa unapita juu ya kila moja. Kila mara mkono wa kushoto ulirusha punje mapajani. Léoncie aliinama, akaomba aonyeshwe. Sijaona akamwekea punje kiganjani. Ilikuwa nzuri kama zingine. Akamwambia apitishe ukucha pembeni, na Léoncie akahisi kitundu, kidogo kama alama ya sindano.

"Mududu aliitoboa ingali ku muti. Rangi haibadilike. Kamera inaangalia rangi."

Baada ya nusu saa palikuwa na marundo mawili, moja mezani na moja mapajani, karibu sawa. Mzee Massoudi alikaanga la mezani kwanza. Ua lote likanukia kahawa, na askari mmoja akauliza kama watapewa. Kisha akafuta kikaango, akamimina sehemu ya lile la mapajani. Punje zilipopasuka, mzee alirudisha kichwa nyuma. Harufu ya viazi vibichi vilivyomenywa na kusahauliwa ndani ya maji ikapanda juu ya jiko, ikafika kwa Loïc, ikafika kwa Sylvère na shati lake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mwonjaji alitema nini.

"Miaka makumi ine nakaanga," alisema mzee Massoudi, "hii sijaitia mu kikaango kwa kupenda. Bamama ba hapa hawakuileta kwangu ata siku moja."

Léoncie alichukua kile kitambaa cha ndege wa njano, akamwekea Sijaona mbele yake.

"Sasa nakuuliza tena, mama. Ni juu ya nini?"

"Sasa unaweza kuniuliza." Aligusa kitambaa, akasema si chake, ni cha Houda, mmoja wa wenzake walioko pale nje. "Kahawa nyeusi kila mutu anaiona, haina shida. Lakini hii iko na sura muzuri, na ndani imeoza. Mutu asiyejua atasema ni kahawa. Njo sababu tunashonaka kitambaa chini ya gunia yake, kila mumoja na kitenge yake. Yenye kitambaa haitoke hapa. Na kama kuna punje muzuri imeingia mule, mwenye kitambaa atajibu. Ni neno letu lile. Tunasema: hii tumeikataa, na ni mimi niliikataa."

Alimgeukia Sylvère kwa mara ya kwanza.

"Miaka ishirini na sita, directeur. Haukukaa mezani ata siku moja, ata dakika kumi. Ungekaa, ungejua."

Loïc, ambaye hakuulizwa, alisema kwa sauti ndogo kwamba alimwambia mkurugenzi siku ileile kuwa sifuri si kawaida, na aliambiwa afanye kazi yake. Léoncie alimwomba arudie, akaandika neno kwa neno, akampa asaini. Loïc akasaini.

Hapo Sylvère akawa mtu mwingine, mkarimu. Alisema ilikuwa kutoelewana tu. Alikuwa tayari kuondoa mashtaka mara moja. Zaidi ya hayo, alimhitaji mama Sijaona arudi Jumatatu, akae mwishoni mwa mashine, akamate zile ambazo kamera hazioni. Mtu mmoja anatosha.

Wote walimtazama Sijaona. Alikuwa analala sakafuni kituoni siku ya tatu, na nyumbani kulikuwa na mjukuu mgonjwa. Léoncie alitamani akubali, akaona aibu kutamani.

"Meza ina watu makumi ine," alisema Sijaona. "Mi sikae peke yangu."

"Mama, fikiri. Mashine haitoki hapa."

"Ikae. Nani alisema itoke? Ichague nyeusi, sisi tuchague hii. Lakini mumoja hapana. Mumoja utamufukuza tena kesho."

Sylvère alimgeukia ofisa, mikono wazi, kama mtu anayeomba shahidi wa ukaidi. Léoncie alitoa mfukoni ile karatasi ya kukiri kosa, mahali pa dole gumba pakiwa bado peupe. Akaiweka ndani ya faili, nyuma ya kurasa zake mpya tisa.

"Mashtaka huwezi kuyaondoa leo, bwana directeur," alisema. "Ulimushtaki mama wa watu na mashine yako ilikuwa inajua siku na saa gunia zilishonwa. Hiyo inakwenda parquet saa tisa, pamoja na jina lako. Na ulisema ni njama ya wote makumi ine. Nimeiandika hapa. Basi lazima nihakikishe."

Alivipanga vitambaa kumi na viwili juu ya meza ndefu ya kuchambulia, iliyokuwa imesukumwa ukutani na kuwekewa mabomba. Aliwaambia vijana wa ghala waondoe mabomba, waivute katikati, nao wakaivuta haraka kuliko walivyomwaga magunia.

"Kila kitambaa kina mwenyewe. Kila mwenyewe atatoa maelezo, kisha wengine wote, mumoja mumoja, mahali alipokuwa anakaa. Mi sina haraka. Ikibidi tutaendelea Jumatatu, Jumanne, mpaka nimalize wote."

"Ndani ya kiwanda changu?" aliuliza Sylvère.

"Ni mashahidi. Fungua geti."

Mlinzi alimtazama mkurugenzi, akamtazama ofisa, akatazama mahali kigoda kilipokuwa. Akaenda kufungua. Huko Buyenzi adhana ilikuwa imeanza, na mzee Massoudi alikuwa tayari barabarani na kofia kichwani, kikaango mkononi.

Waliingia kwa safu, thelathini na tisa, vigoda kwapani. Hawakuuliza wakae wapi. Kila mmoja alikwenda mahali pake, akaweka kigoda chini, akakaa, na mikono yao yote ikawa juu ya meza. Sijaona alisogeza kigoda chake kidogo kumpa Houda nafasi. Kisha akachukua lile rundo lililobaki mapajani, akalimimina ndani ya gunia tupu, akararua ncha ya kitenge chake, akaomba sindano.

"Andika, mwanangu," alimwambia Léoncie huku anashona. "Hii nayo ni yangu."